Wajapani waliandamana, na transista zikatengenezwa



Kuna kauli ambayo kila kijana wa upinzani ameshatupiwa usoni angalau mara moja. Inakwenda hivi: "Acheni siasa, fanyeni kazi. Angalieni Japani. Walipigwa mabomu, vijana wao wakakaa kimya, wakachapa kazi, leo wako wapi?" Mara ya mwisho nimeisikia hapa hapa mnadani Msalato, kwenye meza ya redio. Si mnazijua zile redio ndogo, zina tochi kwa mbele na kipaneli cha sola mgongoni? Muuzaji alikuwa anabishana na kijana wetu mmoja aliyevaa fulana ya chama. Mzee mmoja, kada wa chama tawala, akaingilia kwa upole kabisa: "Mwanangu, hicho kiredio unachokishika ni akili ya Mjapani. Na Mjapani hakuwa na muda wa maandamano." Watu wakacheka. Kijana wetu akanyamaza, akalipa, akaondoka.

Naandika hii ili siku nyingine asinyamaze. Maana mzee yule, kwa heshima zote, alichagua mfano mbaya kuliko yote. Hadithi ya Japani na redio ndogo, ukiisoma kuanzia mwanzo, inamkana.

KWANZA, TRANSISTA NI NINI

Redio za zamani zilitumia valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka na kupata moto. Redio ilikuwa kubwa kama sanduku na ilikula umeme. Desemba 1947, kwenye maabara za Bell huko Marekani, wanasayansi walitengeneza kitu kidogo kinachofanya kazi ile ile ya kukuza mawimbi bila kioo wala moto. Hicho ndicho transista. Kwa miaka ya mwanzo, transista nyingi zilitengenezwa kwa madini yanayoitwa jerimaniamu. Silikoni tunayoisikia leo ilikuja kushika nafasi baadaye.

Bell na kampuni dada yake, Western Electric, waliamua kuuza leseni. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 25,000. Mwenye hela anakuja, analipa, anapewa haki ya kutengeneza. Kwa maneno mengine, maarifa yale hayakufichwa. Yalikuwa mezani, yana bei, na wengi duniani waliyaona. Swali ni nani aliyachukua, na aliyafanyia nini.

SWALI LA JIWE

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu sisi Watanzania tumelelewa kwenye imani kwamba utajiri ni kile kilichopo ardhini. Sasa sikilizeni. Miaka ya 1950, mojawapo ya vyanzo vikubwa vya jerimaniamu duniani ilikuwa Kipushi. Mnajua Kipushi iko wapi? Katanga, Kongo, jirani na Lubumbashi, mpakani na Zambia. Watu wanaongea Kiswahili kule. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Kibelgiji, Union Minière. Wachimbaji walitoa mawe ya shaba na zinki, ndani yake mna jerimaniamu, na mali ikapelekwa kusafishwa Ubelgiji.

Kwa hiyo wakati dunia nzima inaingia kwenye zama za transista, ndugu zetu wanaozungumza lugha yetu walikuwa wamesimama juu ya madini yenyewe. Walipata nini? Walipata mshahara wa kibarua na chungu ya mabaki. Na hii si hadithi ya zamani tu: ni mwaka 2024 ndipo kampuni tanzu ya Gécamines hapo Lubumbashi ilipoanza kusafirisha jerimaniamu inayotolewa kwenye mabaki yale ya zamani, na mnunuzi ni kampuni ya Ubelgiji, Umicore, ambayo ni mrithi wa Union Minière yule yule. Miaka 70 imepita, njia ni ile ile.

Japani haikuwa na Kipushi. Ilikuwa nchi iliyoshindwa vita, miji imeungua, haina dola. Lakini mwaka 1959 ilitengeneza transista zaidi ya milioni 80, ikaipita Marekani yenyewe kwa idadi. Nyingi zilikuwa za jerimaniamu.

Kwa hiyo ukisikia mwanasiasa yeyote, wa kwao au wa kwetu, anasema tutatajirika kwa sababu tuna grafati, nikeli na dhahabu, muulize habari za Kipushi.

WALIFANYAJE?

Mwaka 1946 wanaume wawili, Masaru Ibuka na Akio Morita, walianzisha kampuni ndogo Tokyo yenye wafanyakazi kama 20. Ofisi ilikuwa ndani ya jengo la duka lililoharibiwa na vita. Moja ya bidhaa zao za kwanza ilikuwa jiko la umeme la kupikia wali, na lilifeli: mara wali mbichi, mara ugali wa wali. Kampuni ile tunaijua leo kwa jina la Sony.

Mwaka 1953 Morita alikwenda Marekani akasaini mkataba wa awali wa leseni ya transista. Sasa hapa wazee wanaosifia "serikali imara ya Japani" huwa wanaruka ukurasa. Dola zilikuwa zinadhibitiwa na serikali, na wizara ya biashara na viwanda ilikataa kuidhinisha malipo. Kampuni hii ndogo? Transista? Wataiweza wapi? Kibali kilikuja mwaka uliofuata, baada ya mabishano ya miezi. Msingoje niwaambie kwamba serikali haikuwa na kazi. Ilikuwa nayo: maabara yake ya umeme ilikuwa ikichunguza vitu hivi mapema na mwaka 1956 ikajenga kompyuta ya transista, na mwaka 1957 ikapitishwa sheria maalumu ya kukuza viwanda vya elektroniki. Lakini aliyewahi kuona mbele alikuwa fundi, na mwenye mhuri alikuwa wa mwisho kuamini. Wale vijana hawakumjibu mwenye mhuri "ndiyo mzee". Walibishana naye mpaka akasaini.

Leseni ilipolipwa, walichopata kilikuwa haki ya kutengeneza. Hawakupewa mashine. Hawakupewa fundi wa kuja kuwafunga mitambo na kuondoka nayo kichwani. Wamarekani waliwashauri watengeneze vifaa vya kusaidia wasiosikia vizuri, maana transista za wakati ule hazikufaa kwa redio kirahisi. Wajapani wakasema hapana, sisi tunataka redio.

Januari 1954 akatumwa Marekani mhandisi wao Kazuo Iwama. Huyu kitaaluma hakuwa mtu wa elektroniki. Alisomea jiofizikia, elimu ya mitetemo ya ardhi. Alizunguka viwandani akiangalia mashine, akiuliza maswali kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Usiku, hotelini, alichora kwa kumbukumbu alichokiona mchana na kukituma kwa barua Tokyo. Kule Tokyo wenzake walisoma barua, wakatengeneza mashine wenyewe kutokana na michoro ile, wakajaribu, wakaandika maswali mapya. Kabla Iwama hajarudi nyumbani, transista yao ya kwanza ilikuwa imeshafanya kazi.

Agosti 1955 redio yao ya kwanza sokoni, TR-55, ikatoka. Wamarekani walishawatangulia: redio ya Regency TR-1 ilitoka Oktoba 1954 ikitumia transista za Texas Instruments. Lakini Wajapani hawakuacha. Mwaka 1957 wakatoa TR-63, ndogo ya mfukoni. Morita mwenyewe amesimulia kwamba ilizidi kidogo mfuko wa shati wa kawaida, basi wakawashonea wauzaji wao mashati yenye mifuko mikubwa. Ujanja wa kariakoo huo, mnauona.

Na kabla ya hapo, kampuni moja kubwa ya Marekani, Bulova, ilitaka redio 100,000 kwa sharti kwamba zibandikwe jina la Bulova. Oda ile ilikuwa kubwa kuliko kampuni yenyewe. Morita akakataa. Alitaka jina lao libaki. Sisi hapa tunasaini mikataba ambayo hata wabunge hawajaiona.

KUFELI KULIANDIKWA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mimi naliona ndilo lenyewe.

Mwanzoni, katika kila transista 100 zilizotoka kwenye benchi, zilizofaa zilikuwa takribani 5. Nyingine zilikuwa takataka. Fikirieni hilo kwa akili ya ofisi zetu. Mkurugenzi anapewa ripoti: tumetengeneza 100, 95 mbovu. Hapa kwetu ripoti ile ingeandikwa upya kabla haijapanda ghorofa ya pili. Ingesomeka "uzalishaji umeanza kwa mafanikio makubwa" na kungekuwa na hafla ya kukata utepe.

Wale waliandika 5. Kwa sababu waliandika 5, waliweza kuuliza: hizi 95 zimekufa na nini? Walipojaribu kutia fosforasi kwa wingi kwenye jerimaniamu ili transista ziwe na kasi ya kutosha kwa redio, wakakuta nyingine zina tabia ya ajabu. Mtafiti kijana, Leo Esaki, akapewa kazi ya kuchunguza. Yeye na wenzake, akiwemo msaidizi wake wa kike Yuriko Kurose, wakapima na kupima tena. Wakaona kitu ambacho kwa kanuni za kawaida za umeme hakipaswi kutokea: unaongeza volti, mkondo unapungua badala ya kuongezeka. Mtu mwoga angesema kipimo kibovu, tupa. Wao wakaandika walichokiona, na mwaka 1957 wakakitangaza mbele ya wanafizikia wenzao. Ilikuwa ugunduzi mpya kabisa. Mwaka 1973 Esaki akapata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia kwa kazi iliyoanzia kwenye bidhaa mbovu za kiwandani.

Sasa rudini nyumbani. Mwaka 2018 Bunge letu lilirekebisha Sheria ya Takwimu. Kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali bila kibali ikawa kosa la jinai, faini na jela. Kelele zikapigwa, ndani na nje, na mwaka 2019 ikalegezwa. Lakini jiulizeni, makamanda: nchi inayomtisha kijana anayesema "mzee, namba hii si kweli" itatengenezaje kitu ambacho katika 100 kinatoka kizima 5? Nchi hiyo haitazijua zile 95. Zitafichwa, na zitaendelea kuwa 95 miaka yote.

Ndiyo maana wakati wa ngonjera za "Tanzania ya viwanda" tuliambiwa kwamba vyerehani vinne navyo ni kiwanda. Simcheki fundi cherehani, mama yangu kashonea watu sare za shule miaka mingi. Nacheka hesabu. Mwenye lengo la kutangaza idadi atahesabu hata cherehani. Mwenye lengo la kutengeneza kitu atahesabu vilivyoharibika.

MABINTI

Kuna upande wa hadithi hii ambao hatuna haki ya kuuficha, maana tukiuficha tutakuwa kama hao tunaowasema.

Transista zile hazikutengenezwa na akina Morita kwa mikono yao. Zilitengenezwa na mabinti. Walikuwa wasichana wa miaka 15 mpaka 18 waliomaliza shule vijijini, wakapelekwa mijini kuishi mabwenini na kukaa siku nzima mbele ya darubini, wakiunganisha nyaya nyembamba kuliko unywele. Japani iliwaita "mabinti wa transista". Walilipwa kidogo kuliko wanaume, na ilitarajiwa kwamba wakiolewa wataondoka. Bei nafuu ya ile redio ya mfukoni ilikuwa imebebwa na macho yao.

Sisi wa Msalato tunaishi jirani na shule ya sekondari ya wasichana inayojulikana nchi nzima. Ukiwaona wale wadogo zetu wamevaa sare wanapita barabara ya Kondoa, unajua akili ipo. Kwa hiyo tusikubali mpango wowote wa viwanda ambao mahali pa binti ni kwenye benchi tu. Yuriko Kurose alikuwa na kipimo mkononi na jina lake likawekwa kwenye ripoti ya utafiti. Huo ndio mfano tunaoutaka, pamoja na mshahara halali kwa aliyeko kwenye benchi.

SASA TUJE KWENYE "KUKAA KIMYA"

Mzee wa mnadani alisema Mjapani hakuwa na muda wa maandamano. Haya, tuangalie kalenda.

Mwaka ambao Japani iliipita Marekani kwa idadi ya transista ni 1959. Mwaka huo huo ndio harakati za kupinga mkataba mpya wa kijeshi na Marekani zilianza kushika moto. Mwaka 1960 zikawa mafuriko. Mamia ya maelfu ya watu, wanafunzi, wafanyakazi, walimu, akina mama wa nyumbani, walilizunguka Bunge mjini Tokyo. Mei 1960 Waziri Mkuu Nobusuke Kishi aliupitisha mkataba bungeni usiku, baada ya polisi kuwabeba nje wabunge wa upinzani waliokaa kuzuia. Hasira zikapanda mara mbili. Juni 15 mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Tokyo, Michiko Kanba, alifariki katika vurugu kwenye viwanja vya Bunge. Ziara ya Rais Eisenhower ikafutwa. Kishi akajiuzulu.

Mwaka huo huo wachimbaji wa makaa ya mawe wa Miike walikuwa kwenye mgogoro mkubwa wa kazi kuliko yote ya enzi ile. Walishindwa, lakini nchi nzima iliwasikia.

Na ndani ya kiwanda cha transista chenyewe? Mei 1961 Sony ilikuwa inaadhimisha miaka 15. Waziri Mkuu amealikwa. Chama cha wafanyakazi kikagoma siku ile ile na kuzunguka makao makuu, uongozi ukalazimika kuhamishia sherehe hotelini. Wafanyakazi wa transista, makamanda! Waligoma kwenye birthday ya kampuni, tena mgeni rasmi ni mkuu wa serikali.

Je, Japani iliporomoka? Aliyekuja baada ya Kishi, Hayato Ikeda, alisoma alama za nyakati. Alijua hawezi kutawala watu wale kwa virungu. Desemba 1960 serikali yake ikapitisha mpango wa kuongeza pato la taifa mara mbili ndani ya miaka 10, na wakaufikia kabla ya muda. Mpango ule ulikuwa na sababu zake nyingi za kiuchumi, lakini siasa yake ilitoka barabarani. Watu walidai, mtawala akalazimika kuwajibu kwa kipato. Hivyo ndivyo mishahara ya mabinti wale ilivyoanza kupanda pia.

Sasa tuangalie kalenda yetu. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa mwaka 2016. Zuio likaondolewa Januari 2023. Miaka sita na zaidi tulikaa kimya kama tulivyoambiwa. Hakuna aliyetupotezea muda jukwaani. Basi tuonyesheni: kimya kile kilitengeneza transista gani? Kiliota kiwanda gani cha vifaa vya elektroniki hapa Dodoma, makao makuu ya nchi? Kama kimya kingekuwa ni mtaji, Tanzania ingeshaipita Japani.

TULIKUWA NAZO REDIO

Wengine watasema Tanzania haijawahi kuwa kwenye hadithi hii. Imewahi. Mwaka 1952 kampuni ya Matsushita ya Osaka iliungana na Philips ya Uholanzi kuanzisha kampuni ya vifaa vya elektroniki nchini Japani. Philips walidai asilimia 7 ya mauzo kama malipo ya utaalamu. Konosuke Matsushita akabisha mpaka ikashuka 4.5. Halafu akafanya jambo ambalo nataka kila kijana wetu anayesomea sheria alishike: akasema na sisi tunaleta kitu, tunajua kuendesha kiwanda na soko letu, kwa hiyo mtatulipa asilimia 3 ya uendeshaji. Philips walishangaa, lakini walikubali. Mtu wa nchi iliyoshindwa vita anamdai tajiri ada.

Miaka ya 1960 kampuni zote mbili zilikuja kwetu. Matsushita wakafungua kiwanda Dar es Salaam, betri na redio za National. Philips wakaunganisha redio Arusha. Wazazi wetu wanazikumbuka. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu takribani milioni 2 walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kujadili namna ya kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Soko lilikuwepo. Wasikilizaji walikuwepo. Viwanda vilikuwepo.

Lakini vipuri vya ndani vilitoka nje, na sisi tulikuwa tunaunganisha. Dola zilipokauka mwishoni mwa miaka ya 1970, vipuri vikakauka. Leo ukipanda daladala Arusha kondakta bado anaita "Philips! Kuna wa Philips?" Kilichobaki mdomoni mwa watu ni jina la kituo. Na mnadani Msalato tunanunua redio ya nje, yenye tochi.

Tofauti ya Osaka 1952 na Arusha haikuwa akili. Kule kulikuwa na mtu mezani aliyejua anachokitaka, akadai. Haki itendeke pia: Japani ilikuwa na vyuo vikuu, wahandisi wa tangu kabla ya vita na soko la Marekani lililokuwa wazi kwake. Sisi mwaka 1961 tulianza na wahandisi wa kuhesabu kwa vidole. Silaumu wazee wa 1961. Nalaumu kwamba 2019, 2020 na kuendelea, tukiwa na vyuo vikuu mpaka hapa UDOM, bado tunasaini kama wa 1961.

UWANJA WETU WA NDEGE

Hapa Msalato kuna mradi mkubwa. Uwanja wa ndege wa kimataifa, mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulioidhinishwa Desemba 2019, barabara ya kurukia ya kilomita 3.6, jiwe la msingi likawekwa na Rais Oktoba 2022. Makandarasi ni wageni. Mimi siupingi uwanja. Ndege zije, nyama choma ya mnadani ipate wateja.

Lakini nauliza swali la Iwama: nani alikuwa na daftari? Ni vijana wangapi wa Kitanzania walikaa kwenye mitambo ya taa za uwanja, mawasiliano ya rubani na mnara, rada, wakaandika kila usiku walichokiona mchana? Daftari hizo ziko wapi? Mkataba unasema nini kuhusu hilo, na kwa nini mwananchi wa Msalato aliyehama shamba lake kupisha mradi asiweze kuusoma? Uwanja tutaulipia kwa miaka mingi. Kama hatukubakiza maarifa, wa pili tutaulipia upya kwa bei ile ile.

TUFANYE NINI

Haya ni mambo matatu, na ya kwanza yanatuhusu sisi wenyewe.

Moja, tuache na sisi ngonjera. Kwenye mikutano yetu tunapiga kelele "viwanda" kama wao. Kila tawi la vijana lichague mradi mmoja wa umma katika kata yake, liombe taarifa zake kwa maandishi, liende kwenye mkutano wa mtaa na kuuliza: mkataba unasema nini juu ya kufundisha vijana wetu, wangapi wamefundishwa, na nini kimeharibika mpaka sasa. Majibu yaandikwe na yawekwe hadharani, hata kama jibu ni kukataliwa.

Mbili, chama chetu kiweke kwenye ilani, kwa lugha ya sheria, kwamba mkataba mkubwa wa umma unafika bungeni na unasomeka na mwananchi, na una kifungu cha maarifa chenye idadi na tarehe.

Tatu, anayesema ukweli wa namba mbaya alindwe. Mhandisi, mkaguzi, mwandishi, mwanafunzi. Bila huyo hakuna kiwanda, kuna utepe tu.

Na wewe kamanda uliyenyamaza pale mezani, Jumamosi nyingine ukimkuta yule mzee, msalimie kwanza. Shikamoo mzee. Halafu umwambie: mzee wangu, umesema kweli kwamba tujifunze kwa Mjapani, na nimekwenda kujifunza. Nimekuta alibishana na wizara yake, aliandika makosa yake, aligoma kwenye kiwanda chake, na alimwondoa waziri mkuu wake. Na redio akatengeneza. Sasa sisi umeturuhusu lipi kati ya hayo?

Msubiri ajibu. Akianza kucheka, nawe cheka naye, lakini swali usiliondoe mezani.